Jangwa Lililochongwa na Maji: Tassili n'Ajjer na Adabu za Mgeni

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya walimu na wanafunzi wa jiografia na utalii, na waongoza watalii kutoka Kondoa



Watu wengi wanaofunga safari kwenda kwenye hifadhi za jangwani huwa wanafuata mawe. Wanataka kuona nguzo za mwamba zilizosimama peke yake, matao ambayo mtu anapita chini yake akajiona mdogo, na kuta zinazobadilika rangi jua linapozama. Sina ugomvi na hamu hiyo. Lakini leo nataka kuwashawishi kwamba katika jangwa la mawe jambo la kwanza la kusoma ni maji. Mgeni anayejua kusoma maji ataelewa kwa nini miamba imekaa vile ilivyokaa, nani waliishi chini yake, na yeye mwenyewe anapaswa kuishi vipi kwa siku chache atakazokuwa pale. Asiyejua ataondoka na picha, na pengine ataacha nyuma madhara ambayo hakuyakusudia.

Mfano nitakaouchukua ni wa Tassili n'Ajjer, katika Sahara ya Algeria. Nimeuchagua kwa sababu ni wa Afrika, na kwa sababu historia yake inagusa Ziwa Turkana, na matatizo yake yanatugusa sisi tunaoishi karibu na michoro ya Kondoa.

Mahali penyewe

Tassili n'Ajjer iko kusini-mashariki mwa Algeria, mpakani na Libya na Niger. Ni uwanda wa juu wa miamba ya mchanga, na vilele vyake virefu vinapita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Eneo lililohifadhiwa lina kilomita za mraba zipatazo 72,000, karibu mara tano ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1972, na mwaka 1982 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu mbili kwa pamoja: maumbile yake na kazi za binadamu zilizomo. Si maeneo mengi yaliyoingia katika orodha hiyo kwa sifa zote mbili.

Lango la wageni ni Djanet, mji wa mitende uliokaa chini ya uwanda. Mvua ya mwaka mzima pale kwa kawaida haifiki milimita 30. Dodoma yetu, ambayo kila mtu anaiita kame, hupata zaidi ya milimita 500. Linganisheni hesabu hizo mbili, kisha mjiulize: mahali penye mvua ndogo kiasi kile, ni kitu gani kilichokata mabonde yenye kina cha mamia ya mita? Nani alichonga karibu matao 300 ya mwamba? Wengi hujibu haraka kwamba ni upepo. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu ndani yake.

Fundi aliyechonga

Mchanga uliofanya miamba ya Tassili uliletwa na mito na kulazwa kwenye fukwe na bahari za kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 440 iliyopita. Wakati ule mabara hayakuwa mahali yalipo sasa. Sehemu hii ya Afrika ilikuwa karibu na Ncha ya Kusini, na kipindi kimoja ilifunikwa na barafuto. Barafu ilipojongea ilikwaruza ardhi iliyokuwa chini yake, na mikwaruzo hiyo ingali inaonekana leo juu ya mawe ya Sahara. Mwanajiolojia anayesimama pale katika joto la mchana, mkono wake ukiwa umegusa alama za barafu, anagusa historia ya maji kabla hajaona hata tone moja.

Baadaye mchanga ule ulifunikwa, ukashindiliwa na kuwa mwamba, kisha ardhi ikainuliwa. Mwamba mgumu ukiinuliwa hupasuka. Mwamba wa Tassili ulipasuka kwa mistari mirefu inayokatana, na hapo ndipo maji yalipopata kazi. Wazee wetu walisema maji hufuata mkondo. Mvua iliponyesha iliingia katika kila ufa, ikaosha kinachoshikamanisha chembe za mchanga, ikatanua ufa kuwa mfereji, na mfereji kuwa korongo. Miaka ilivyopita, uwanda uliokuwa bapa ukagawanyika kuwa maelfu ya nguzo zilizotenganishwa na njia nyembamba. Sehemu kama Sefar zimekuwa kama mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja: unakata kona, unaingia kichochoro, unatokea uwanjani, na bila mwenyeji unapotea.

Matao nayo yana hadithi ileile. Maji hujikusanya chini ya ukuta wa mwamba au katika tabaka lililo laini kuliko mengine. Yananyonywa ndani ya jiwe, na jua likiwaka yanakauka na kuacha chumvi. Chembe za chumvi zikikua zinasukuma chembe za mchanga na kuzibandua, moja baada ya nyingine. Shimo dogo huwa pango, na pango likitoboka upande wa pili, sehemu ya juu inabaki imejishikilia. Upepo una sehemu yake: unabeba mchanga uliokwisha kulegezwa na kusugua sehemu za chini za nguzo, kwa sababu chembe nzito za mchanga haziruki juu sana. Lakini upepo ni mfagiaji. Mchongaji ni maji.

Sahara iliyokuwa na malisho

Maji hayo mengi yalitoka wapi? Sehemu kubwa ya mmomonyoko ni ya zama za kale kabisa, lakini sura ya mwisho ya hadithi ni ya karibuni, na ndani yake wamo watu.

Mhimili wa dunia huyumba polepole, na mzunguko wake mmoja huchukua zaidi ya miaka 20,000. Miaka ipatayo 11,000 iliyopita, kiangazi cha nusu ya kaskazini ya dunia kilikutana na wakati ambapo dunia iko karibu zaidi na jua. Nchi kavu ya kaskazini mwa Afrika ilipata joto kali zaidi, na joto hilo likavuta pepo za mvua kutoka baharini hadi mbali kaskazini kuliko zinavyofika leo. Sahara ikapata mito, maziwa na nyasi. Ziwa Chad lilikuwa bahari ya ndani. Ziwa Turkana lilijaa hadi likafurika na kumwaga maji yake kuelekea Mto Nile. Hali hiyo ilidumu kwa maelfu ya miaka.

Watu waliokuwa Tassili waliandika waliyoyaona, kwa ngeu na rangi nyingine za udongo, na kwa kugongagonga ngozi nyeusi ya mwamba mpaka jiwe jeupe la ndani lionekane. Michoro na michongo inayojulikana imepita 15,000. Katika ile inayohesabiwa kuwa ya zamani zaidi wamo tembo, vifaru, twiga, viboko, na nyati mwenye pembe kubwa mno ambaye leo hayupo tena duniani. Wamo pia watu wenye vichwa vya mviringo visivyo na nyuso, wengine wakiwa na kimo kinachopita cha mtu aliye hai mara kadhaa. Kisha wanakuja wafugaji. Ng'ombe wanajaa ukutani, kila mmoja na mabaka yake, na mchoraji amejitahidi ng'ombe huyu asifanane na yule. Ndama wamefungwa kamba, wanawake wamekaa mbele ya vibanda, watoto wapo. Mmasai, Mgogo au Mtaturu akisimama mbele ya ukuta huo hahitaji mfasiri. Anajua mchoraji alikuwa anahesabu mali yake na kuipenda.

Ushahidi wa maisha hayo hauko kwenye picha peke yake. Huko Takarkori, upande wa Libya, katika milima ya Acacus inayopakana na Tassili, wataalamu walichunguza vigae vya vyungu vya kale wakakuta mabaki ya mafuta ya maziwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: miaka ipatayo 7,000 iliyopita, watu wa Sahara walikuwa wakikamua na kuchemsha maziwa.

Halafu mvua zikarudi kusini. Kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita malisho yalikuwa yamekonda sehemu nyingi. Kuta zinaonyesha mabadiliko hayo: ng'ombe wanapungua, baadaye wanaonekana farasi na magari ya kukokotwa, na mwisho kabisa ngamia, mnyama wa nchi iliyokwisha kukauka. Kusini mwa Djanet, mahali panapoitwa Tegharghart, kuna mchongo wa ng'ombe wenye matone ya machozi chini ya macho. Wenyeji husimulia kwamba wanyama hao walikuja kunywa wakakuta maji yamekwisha. Hakuna anayeweza kuthibitisha nia ya mchongaji, lakini watu wa pale wameutazama mchongo huo wakaona ndani yake ajali iliyoipata nchi yao.

Ukame uleule ulifika kwetu. Ziwa Turkana lilipoanza kushuka, wafugaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki walikuwa wakijikusanya kwenye kingo zake. Huko Lothagam, magharibi ya ziwa, miaka ipatayo 5,000 iliyopita walijenga makaburi ya pamoja yaliyozungushiwa mawe na kusimamishiwa nguzo, na katika moja ya makaburi hayo walizikwa watu wasiopungua 580. Upande wa mashariki, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, liko eneo la nguzo la Jarigole, la desturi hiyohiyo. Sisemi kwamba wachoraji wa Sefar ndio waliozika Lothagam. Ninasema kwamba mvua zilezile zilizoiacha Sahara ziliwasukuma watu na mifugo kusini na mashariki, kizazi baada ya kizazi, na ufugaji tunaouona leo kuwa wa kwetu tangu asili una mizizi katika mwendo huo. Kwa hiyo Mkenya au Mtanzania anayekwenda Tassili haendi ugenini moja kwa moja.

Maji yaliyobaki

Maji hayajaondoka yote. Ndani ya makorongo, mahali ambapo jua halifiki muda mrefu, yamebaki mabwawa ya mwambani ambayo wenyeji huyaita guelta. Bonde la Iherir, lenye mabwawa kama hayo, linatambuliwa kimataifa kuwa ardhi oevu yenye thamani ya pekee. Samaki wanaishi humo, mabaki ya zama za mito. Hata mamba walikuwamo, na wa mwisho waliuawa mwanzoni mwa karne ya 20. Waliishi hapo maelfu ya miaka baada ya mito kukatika, wakaja kumalizwa na bunduki.

Upo pia mberoshi wa Tassili, ambao Watuareg, wenyeji wa nchi hiyo, huuita tarout. Miti iliyo hai haifiki 250 dunia nzima, na baadhi yake inakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mizizi yake inayafuata maji chini ya vitanda vya mito iliyokauka. Miti mipya ni adimu mno, kwa sababu mche unahitaji miaka kadhaa ya unyevu mfululizo, na wakati huohuo usiliwe na mbuzi.

Watuareg wa Kel Ajjer ndio wanaojua haya yote kwa majina. Wanajua bwawa lipi linadumu hadi mwisho wa kiangazi na lipi linakauka mapema. Wanajua mahali pa kuchimba katika mchanga wa bonde ili maji yapande. Na kila mwaka, siku za Ashura, watu wa vitongoji viwili vya Djanet, El Mizan na Zelouaz, hukutana katika sherehe ya Sebiba, kwa ngoma, mavazi na mashindano yaliyochukua nafasi ya vita. UNESCO iliitambua sherehe hiyo mwaka 2014. Mgeni anayedhani amekuja kuona nchi tupu aanzie hapo.

Namna ya kwenda

Wanafunzi wangu watauliza mambo ya safari, na wana haki. Njia ya kawaida ni kuruka kutoka Algiers hadi Djanet. Ndani ya hifadhi huingii peke yako: unakwenda na wakala wa eneo hilo na mwongoza njia mwenyeji. Wengine huona utaratibu huu unawabana. Wakumbuke kwamba mwaka 2003 watalii 32 wa Ulaya walitekwa katika Sahara ya Algeria, na baada ya hapo familia zilizotegemea wageni zilikaa miaka mingi bila kazi. Usalama wa mgeni na riziki ya mwenyeji ni kitu kimoja.

Msimu mzuri ni tangu Novemba hadi Machi. Kiangazi chake hakifai kwa mtu asiyezaliwa huko, na usiku wa majira ya baridi juu ya uwanda unaweza kugandisha maji katika chupa, kwa hiyo nguo nzito ni lazima. Kufika Tamrit, Sefar au Jabbaren hakuna barabara. Watu hupanda kwa miguu kupitia vipenyo vya genge, punda wakibeba mizigo na maji, na hulala juu siku kadhaa. Asiyeweza kupanda aende Tadrart, kusini, ambako gari hufika kwenye matao na nguzo zilizozungukwa na mchanga mwekundu.

Sasa zile adabu, na zote zinatokana na maji. Usipige kambi katika kitanda cha mto mkavu hata mbingu ikiwa safi, maana mvua iliyonyesha mbali, usiyoiona, inaweza kukufikia usiku kwa kishindo. Usiogee wala kufua ndani ya guelta: sabuni yako itabaki humo mpaka mvua nyingine, na mvua nyingine huenda ikawa ya mwaka ujao. Usilale kando yake pia, kwa sababu wanyama wa porini na mbuzi wa watu husubiri giza ndipo waje kunywa. Usiokote kuni za mberoshi, hata zilizokufa. Maji unayopewa ya kunywa yamebebwa na punda juu ya genge, basi yatumie ukilijua hilo. Na mwenyeji akikukaribisha chai, kaa mpaka glasi ya tatu. Kuondoka kabla ni kumkatiza.

Sifongo juu ya ukuta

Liko jambo moja la kuhuzunisha ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii.

Mwaka 1956 mtafiti Mfaransa Henri Lhote alipanda Tassili na kundi la wachoraji, wakiongozwa na Mtuareg Jebrine ag Mohamed, aliyezijua njia na kuta zenyewe. Walinakili mamia ya michoro, na maonyesho yaliyofanyika Paris mwaka uliofuata yaliitangaza Tassili duniani kote. Faida ya kazi hiyo ni kubwa na haifutiki. Lakini michoro mingi ilikuwa imefifia, na ili rangi zing'ae wakati wa kunakili, kuta zilioshwa na kuloweshwa kwa sifongo. Wageni waliofuata wakaiga. Kwa dakika chache mchoro uliolowa huonekana kana kwamba umechorwa juzi. Kisha maji hukauka, na yanapokauka huvuta chumvi kutoka ndani ya mwamba na kuiacha juu kama ukungu mweupe, huku vumbi la rangi likiwa limeondoka na tone. Lowesha mara nyingi, na mchoro unakwisha.

Tafakarini maana yake. Michoro ile ilisalia maelfu ya miaka kwa sababu maji yaliiacha Sahara. Ukavu ndio uliokuwa mlinzi wake. Akaja mtu mwenye nia njema na maji ya chupa, akarudisha juu ya ukuta kile ambacho ukuta haukuwa tena na uwezo wa kukistahimili. Aliyefanya hivyo aliipenda michoro. Alichokosa ni kuelewa maji yanafanya nini ndani ya jiwe. Ndiyo sababu nasema kusoma maji ni wajibu kabla ya kuwa maarifa.

Kutoka hapa ukumbini hadi Kolo, Kondoa, ni safari ya saa chache. Mary Leakey alinakili michoro ya huko mwaka 1951, na mwaka 2006 ikaingia katika Urithi wa Dunia. Kondoa si jangwa: mvua inanyesha, na maji yanapita juu ya magenge yetu kila masika. Michoro yetu haina ulinzi wa ukavu. Inalindwa na mteremko wa jabali linaloning'inia, pamoja na watu. Tumeona wachimbaji wakifukua mapango wakitafuta dhahabu inayosemekana kuachwa na Wajerumani. Tumeona wageni wakipapasa kuta kwa mikono. Na tumeona wenyeji ambao bado hufanya matambiko Mungomi wa Kolo wakitazamwa kana kwamba wao ndio wageni.

Waongoza watalii, kwenu nina ombi. Mkimpeleka mtu mbele ya ukuta, msianze na umri wa mchoro. Mwonyesheni kwanza maji: mvua inatoka upande gani, jabali linaikingaje, alama nyeupe za chumvi zimefika wapi, na mchoro gani umekwisha kuliwa. Atakapoelewa hivyo hamtahitaji kumwambia asiguse. Walimu, chukueni wanafunzi Kolo wakapime wenyewe unyevu na kivuli kwa misimu yote, waandike, na watakaofuata waendeleze. Na wanaopanga mapato ya utalii wahakikishe kijiji kilicho chini ya jabali kina kisima kinachofanya kazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hifadhi ambayo mgeni anakunywa maji ya chupa huku mwenyeji akitembea maili kutafuta ndoo moja haitadumu, hata iwe na uzio wa namna gani.

Nendeni Tassili mkijaliwa. Nendeni Sibiloi, nendeni Kolo mwezi ujao, ambako nauli si kubwa. Popote mtakaposimama mbele ya mwamba mkubwa, ulizeni maji yalipita wapi, nani aliyafuata, na nani anayatunza sasa. Jibu la swali la mwisho litawaonyesha mtu mnayepaswa kumsalimu kabla ya kutoa kamera.